ROZIMARI: KITALU CHA MMEA MMOJA WENYE AINA NYINGI

Leo tutazungumza juu ya mmea ambao watu wa nyanda za juu wanaujua kwa sura na kwa harufu, lakini ni wachache wanaouhesabu kuwa zao. Mmea huo ni rozimari, kile kichaka chenye majani membamba kama sindano, kinachopandwa kuwa ua. Ukipita ukakigusa, nguo inanukia. Basi, mambo yanaishia hapo.

Asili ya rozimari ni nchi zinazozunguka Bahari ya Mediterania, kama vile Hispania, Ufaransa, Italia, Moroko na Tunisia. Huko huota yenyewe kwenye vilima vya mawe, penye jua kali na kiangazi kikavu. Kwa hiyo hupenda jua na udongo usiotuamisha maji, na ikishakamata huvumilia ukame. Wataalamu waliiita Rosmarinus officinalis, na tangu mwaka 2017 wengi wanaiita Salvia rosmarinus. Ukiyaona majina hayo mawili usibabaike. Mmea ni ule ule.

Wengi hudhani rozimari ni moja tu. Sivyo, ndugu mkulima. Ziko zinazosimama wima na ziko zinazotambaa. Nyingi zina maua ya buluu, nyingine meupe au ya waridi. Iitwayo Tuscan Blue husimama wima na kufaa kwa ua. Iitwayo Arp ilipatikana Texas, Marekani, mwaka 1972, nayo inasifika kwa kustahimili baridi kali. Hata mafuta yake hutofautiana: mengine hunukia kama mkaratusi, mengine kama kafuri. Sasa fikiri: mwenye kutaka ua anataka ya wima, mwenye kutaka kufunika ukingo wa tuta anataka inayotambaa. Wote wawili watamtafuta mtu mwenye kitalu anayejua kutofautisha. Mtu huyo anaweza kuwa wewe.

Utaanzaje? Kwanza, kusanya. Omba matawi kwa majirani, shuleni, na kwenye bustani za watu, lakini uombe kwa ruhusa. Katika daftari andika umepata wapi, tarehe gani, mmea unasimama au unatambaa, na maua yake ni ya rangi gani. Kama mwenyewe hajui jina la aina hiyo, usibuni. Ipe namba. Namba ya kweli ni bora kuliko jina la uongo.

Pili, panda mashina mama. Kila aina iwe na mashina yasiyopungua matatu, katika mstari wake peke yake, na nafasi ya kutosha katikati. Tena mpe ndugu au jirani shina moja la kila aina akutunzie kwake. Moto ukipita, au maji yakituama shambani mwako, mbegu yako haijapotea. Wahenga walisema akiba haiozi.

Tatu, zalisha kwa matawi, si kwa mbegu. Mbegu za rozimari huota polepole na kwa uchache, na mche wake huenda usifanane na mama. Chukua ncha za matawi zisizo na maua, zenye urefu wa sentimita 10 hadi 15. Ondoa majani ya chini, kisha chomeka katika mchanga uliochanganywa na mboji, mahali penye kivuli. Udongo uwe na unyevu tu, usilowe. Kwa kawaida mizizi hutoka kati ya wiki nne na nane. Hapo hamishia miche katika makopo yaliyotobolewa chini. Kumbuka kwamba rozimari nyingi hufa kwa maji mengi kuliko kwa kiu, maana mizizi huoza.

Nne, na hili ndilo kubwa: usichanganye. Miche michanga ya rozimari hufanana kama punje za mtama. Shika aina moja, ikate, ichomeke, iwekee kibao, ndipo uguse ya pili. Wino hufifia juani; kata kipande cha kopo la bati laini ukaandike kwa kuchora na msumari. Chora pia ramani ya kitalu katika daftari, kwa sababu watoto na kuku huondoa vibao. Mtu akinunua kwako miche mia moja ya ua, na nusu yake ikalala chini, atarudi mara moja tu, naye atarudi kukulaumu.

Tano, pogoa kila mwaka, lakini usikate hadi kwenye mti mkavu usio na majani, kwani mara nyingi hapo hauchipui tena. Shina likizeeka, andaa mrithi wake kabla halijafa.

Usikimbilie kuzalisha mamia. Anza na aina tatu au nne, ulizia wanunuzi, umshirikishe bwana shamba wako. Aina moja uijuayo vizuri ina faida kuliko kumi zilizochanganyika.