Kiti Mezani pa Wakubwa
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi)



Tumeombwa tuseme kama yafaa mfanyakazi wa kawaida aamue mambo ya kampuni pamoja na wakubwa. Wengine wenu mmekwisha kusema, "Kuamua ni kazi ya mwenye mali, yetu ni kudai mshahara."

Sisi watu wa genge la njia tuliwahi kuletewa barua, kwamba kipande chetu cha reli kimeongezwa na watu wamepunguzwa. Aliyeiandika hakupata kuinua taruma hata moja. Mvua zilipokuja, tuta lilimomonyoka mahali tulipopajua sote, na tungalimwonyesha lau angalituuliza. Ni rehema ya Mungu dereva aliona mapema. Je, lile lilikuwa jambo la mshahara?

Ujerumani, tangu sheria ya 1951, makampuni makubwa ya makaa na chuma yana baraza la kuwasimamia wakurugenzi, na humo wajumbe wa wafanyakazi ni sawa kwa hesabu na wa wenye hisa. Sheria ya 1976 ilienea kwa makampuni yenye watu zaidi ya 2,000, ila kura zikilingana mwenyekiti hupiga ya pili, naye kwa kawaida hutoka upande wa wenye hisa. Hiyo kura ya pili, ndugu, muikumbuke.

Jirani zetu Tanzania waliagizwa na serikali mwaka 1970 kuunda mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Kazi ya mabaraza ilikuwa kushauri. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulipokemea kiburi cha viongozi, wafanyakazi wa viwanda vingi waliacha kazi. Baraza walikuwa nalo, lakini neno lao halikuwa na nguvu.

Hapa Kenya, sheria ya usalama kazini ya 2007 yataka kamati ya usalama popote penye watu 20 au zaidi, na wafanyakazi wawemo. Tuanzie hapo.

Mzee mmoja pale nyuma anauliza, mjumbe wetu akizoea chai ya wakubwa hatatusahau? Swali jema. Karatasi za kikao azilete kwanza kwenye tawi. Asipozileta mara mbili, tumwondoe.

Majina yatapokewa mlangoni. Karakana watoe lao, genge lao, magadi lao. Na karani asichaguliwe kwa sababu tu anajua Kiingereza.