Ukumbi Mkubwa Usikutishe



Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, darasa lake la kwanza la sheria halikufika watu 15. Mwalimu aliweza kumjua kila mmoja. Mimi nilipoingia chuo, nimeshuka garimoshi la Kigoma na sanduku langu, ukumbi wa mwaka wa kwanza ulijaa mamia. Nilikaa nyuma, nikaona haya kuuliza. Jaribio la kwanza nilianguka, wala hapana aliyejua ila mimi.

Vijana, mmeziona taa za wavuvi pale Kibirizi, usiku usio na mwezi. Taa hukusanya dagaa, lakini haivui. Kinachovua ni wavu. Mhadhara ni taa. Wavu ni semina, maktaba, na kikundi cha wenzio. Sisi tulikuwa watano. Kila jioni mmoja alisimama akatufundisha tuliyoyasikia asubuhi; asiyeelewa aliuliza bila haya. Mwisho wa mwaka wote tulifaulu.

Basi mkifika huko, ketini mbele, ulizeni, na msisome peke yenu.