Mwimbaji Sebuleni

Asubuhi ya leo hatutaanza kwa kusoma kifungu. Twataka kwanza kuwasimulia habari za jioni moja tuliyokaa sebuleni mwa mama mmoja mjane tukimsikiliza mwimbaji msafiri, kwa maana tangu jioni ile dhamiri zetu hazijatulia.

Tulialikwa hivi: njooni Jumamosi saa kumi na mbili jioni, watu wasizidi thelathini, kila mmoja alete chakula kidogo. Mgeni ataimba nyimbo alizozitunga mwenyewe, na kila shilingi itakayotiwa kikapuni ni yake. Hapana tikiti wala vipaza sauti. Tulipofika tulikuta makochi yamesukumwa ukutani, viti vya plastiki vimeazimwa kwa majirani, na watoto wameketi mkekani mbele kabisa. Mwimbaji alikuwa juu ya stuli ya jikoni, gitaa pajani, akipuliza chai yake ipoe. Jukwaa halikuwapo. Magoti ya watu wa mbele yalikaribia kugusana na yake.

Mama mwenye nyumba hakumkataza mtu simu. Alileta sinia, akaiweka juu ya meza, akaizima simu yake na kuilaza hapo ya kwanza. Nasi tukafuata mmoja mmoja, kama watu wanaovua viatu mlangoni.

Mtu aliyezoea ukumbi wenye spika kubwa hupata taabu mahali kama pale. Ukumbini twaweza kunong'onezana, kutoka nje na kurudi, nayo sauti itatufuata popote. Sebuleni husikia kidole kikiteleza juu ya waya. Husikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya ubeti. Naye akuona wewe. Ukipiga miayo, ameiona. Kwa nyimbo mbili za kwanza hatukujua tuiweke wapi mikono yetu.

Lakini desturi hii si ngeni duniani. Yule Franz Schubert wa Vienna, aliyetunga nyimbo zaidi ya 600, nyingi zilisikika kwanza katika nyumba za rafiki zake. Jioni hizo ziliitwa kwa jina lake, na zilianza kufahamika hivyo mwaka 1821. Katika kiangazi cha 1825 alisafiri na mwimbaji Johann Michael Vogl kupitia miji ya Austria ya Juu, wakipokewa nyumba hadi nyumba, mmoja akipiga piano na mwingine akiimba. Tamasha la hadhara la kazi zake mwenyewe alilifanya mara moja tu maishani, tarehe 26 Machi 1828. Mwezi Novemba mwaka huohuo akafa, naye ana miaka 31. Basi kama si zile sebule, ni nani angalimsikia?

Wala hapa kwetu si jambo la kigeni. Wazee wa Magharibi mwa Kenya bado wamkumbuka George Mukabi wa Kisa, aliyefariki mwaka 1963, na mtindo wake wa gitaa ulioitwa omutibo: dole gumba likitembeza sauti nzito, kidole cha shahada kikiimba juu yake, na mwenzake kando akiikwaruza chupa ya Fanta kutoa mwendo. Muziki wa namna ile wahitaji gitaa, chupa na watu walio tayari kusikiliza, basi. Mgeni wetu alipoomba chupa tupu, mtoto wa kiume wa nyumba ile alikimbia akaileta, akapewa kijiko, akakwaruza wimbo mzima bila kukosea. Twadhani hatausahau wimbo ule akiwa mzee.

Katikati ya wimbo wa tano waya ulikatika. Jukwaani hilo lingekuwa balaa. Pale alicheka tu, akauliza kama kuna koleo. Mama akaleta koleo la marehemu mumewe kutoka stoo. Mgeni alipokuwa akiufunga waya mpya na kuukaza, akatusimulia jinsi wimbo uliofuata ulivyozaliwa.

Alisema kwamba mwaka mmoja alikwenda kuimba katika mji fulani, na alipomaliza alipewa bahasha. Hakuifungua mpaka alipofika stendi ya basi, kwa sababu kufungua bahasha mbele ya watu si adabu. Nauli ilikuwa imepelea. Akalala juu ya benchi, gitaa amelikumbatia wasimwibie. Usiku ukawa mrefu, akatunga wimbo.

Mtoto mmoja wa mkekani akamwuliza, "Sasa ulifikaje nyumbani, mjomba?"

"Niliuimba asubuhi palepale, mtoto wangu. Utingo mmoja akausikia, akasema, panda."

Watu wakacheka wakapiga makofi. Sisi hatukucheka. Tulikuwa watatu kutoka kanisa moja, na kila mmoja wetu alitazama sakafu, kwa maana mji ule twaujua, na bahasha ile twaijua. Sisi ndio tulioitia gundi.

Wasikilizaji, yafaa tuungame wazi. Ilikuwa siku ya mavuno, miaka sita iliyopita. Kamati yetu ilimwalika mtu huyu naye akaja kwa basi la usiku. Tulimpa dakika kumi, baada ya matangazo na kabla ya mnada wa kuku. Mwenye kukodisha spika tulikuwa tumemlipa shilingi elfu kumi na tano kabla hajashusha hata waya mmoja garini, na hakuna aliyenung'unika. Ilipofika zamu ya mwimbaji, mmoja wetu alisema kwamba huduma haina bei. Neno hilo lilitupendeza sana, likatuokolea fedha. Tulimpa soda moja, tukamwombea vizuri mno, tukamkabidhi shilingi mia tano.

Tena tuliona tumetenda wema. Hilo ndilo linalotusumbua zaidi. Laiti tungalimdhulumu kwa kusudi, pengine tungalikumbuka jina lake. Lakini hata uso wake tuliusahau, mpaka aliposimulia habari za benchi.

Katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya tatu, twasoma kwamba wafalme watatu walikwama jangwani na majeshi yao, bila maji, wakamwendea Elisha. Nabii hakutoa neno la Bwana hata alipoletewa mpiga kinanda. Mtu yule alipopiga, ndipo mkono wa Bwana ulipomjia nabii. Maandiko hayakututajia jina lake. Aliitwa, akapiga, hakutajwa tena. Zamani tulipoisoma sura hii tulipita mbio kwenda kwenye muujiza wa maji. Siku hizi twasimama hapo na kujiuliza alirudije kwao.

Tena katika sura ya nne yupo yule mama wa Shunemu, aliyemjengea mtu wa Mungu chumba kidogo darini, akakitia kitanda, meza, kiti na taa. Ni vitu vya mtu anayepita. Mama mjane tuliyekuwa kwake alikuwa ametenda vivyo hivyo bila kuhubiri. Tulikiona chumba cha mgeni mlango ulipofunguliwa: kitanda kimetandikwa, beseni, taulo, na juu ya meza chupa ya chai imefunikwa kitambaa. Mwimbaji alijua kabla hajatoka kwao kwamba atakula wapi, atalala wapi na atarudi kwa basi gani.

Basi, kikapu kilipopita tulitia tulichokuwa nacho, na wasiokuwa na noti walituma kwa simu. Lakini tulijua kwamba kikapu kile ni cha nyimbo za jioni ile. Deni la benchi halikuwa mle. Watu walipokuwa wakila viazi na kuku, tukamwendea watatu, tukamwambia sisi ni akina nani.

Alituangalia kitambo. "Nawakumbuka," akasema. "Kanisa lenu lina kwaya nzuri ya akina mama. Yule mama mnene wa sauti ya chini bado yuko?"

Tukamwambia yuko. Tukajaribu kuomba msamaha kwa maneno marefu, kama desturi ya wanakamati. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba amekwisha kusamehe zamani, kwa kuwa wimbo ule umemlisha miaka sita. Lakini yuko kijana anayemfundisha gitaa, ambaye mwaka huu ameanza kualikwa makanisani, naye hana wimbo wa benchi bado. "Nisingependa autunge," akasema, akachukua kipande cha kuku.

Jumapili iliyofuata tulilipeleka jambo hili mbele ya kamati. Tuliomba mambo matatu: kila mwimbaji aalikwaye atajiwe malipo yake kabla ya kutoka kwao, nauli ya kwenda na kurudi itumwe mapema, na awe na nyumba ya kulala yenye jina la mwenyeji. Hatukupokewa kwa shangwe. Mzee mmoja, mtu mwaminifu tumwheshimuye, alisema kwamba tukianza kulipa nyimbo, kesho tutalipa sala. Hilo si swali la kipumbavu, nasi hatukumdharau. Tulimjibu kwamba hatuwezi kununua sala ya mtu, lakini mwenye basi hachukui sala kuwa nauli. Wengine waliguna, na mhazini akafungua daftari la mavuno ya mwaka ule. Mistari ile miwili ilikuwa imeandikwa kwa mkono wake, mmoja juu ya mwingine: spika 15,000, mwimbaji 500. Aliisoma kwa sauti. Kwa muda hakuna aliyesema neno.

Bado halijapitishwa. Kikao kitaendelea Jumapili hii baada ya ibada ya pili, na yule mzee ameomba azungumze kwanza. Sisi tumekwisha kupita stendi kuuliza nauli ya basi la usiku, kwenda na kurudi, na mhazini ameiandika kwa penseli.