Ruzuku za Kuzijengea Uwezo Jumuiya, na Mali Iliyopotea Ujiji



Miongoni mwa ruzuku zinazotolewa kwa jumuiya zisizo za kiserikali, ipo moja ambayo aghalabu hudharauliwa. Ruzuku hiyo haichimbi kisima wala hainunui cherehani. Hulipia mafunzo ya mshika fedha, ukaguzi wa hesabu na matengenezo ya katiba. Foundation for Civil Society, iliyoanza kazi mwaka 2003, ni miongoni mwa wanaotoa ruzuku na mafunzo ya aina hiyo, Bara na Zanzibar. Wapo wanachama wanaonung'unika kwamba fedha hizo huliwa na semina, na mara nyingine manung'uniko yao yana haki. Hata hivyo, njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji ina ushahidi wake katika jambo hili.

Mwaka 1871 David Livingstone alirejea Ujiji akitokea Manyema, hali yake dhaifu, akitarajia kuikuta shehena aliyopelekewa kutoka Zanzibar. Hakukuta kitu. Msimamizi wa shehena, aliyeitwa Sherif, alikuwa ameiuza yote. Alijitetea kwamba alipiga ramli kwa Msahafu akaona mwenye mali ameshafariki, utetezi usiokubalika kwa sheria wala kwa dini. Mali ilikuwa nyingi, lakini iliwekwa katika mkono wa mtu mmoja, na aliyepaswa kumuuliza alikuwa mbali.

Mwaka uliofuata, wapagazi wapya waliotumwa na Stanley kutoka pwani walimkuta Livingstone Kwihara, karibu na Tabora, wakafuatana naye kuelekea kusini. Alipofariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, watu hao walikuwa mbali mno na pwani, bila ya mkubwa wa kuwaamrisha. Walikutana, wakawakubali Chuma na Susi kuwa viongozi. Kisha wakamtaka Jacob Wainwright aandike orodha ya vyote vilivyomo masandukuni, mbele ya macho ya wote, ili asije mtu akatuhumiwa. Walipofika Tabora mwezi wa Oktoba, Cameron, msafiri wa Kiingereza, aliwashauri wauzike mwili huko huko. Walikataa, wakashikilia walivyokubaliana. Februari 1874 waliwasili Bagamoyo na mwili wa marehemu pamoja na maandishi yake.

Izingatiwe kwamba Wainwright alijifunza kuandika katika skuli ya misheni huko Nasik, Bara Hindi. Waliogharimia elimu ile hawakujua ingekuja kufaa wapi. Hiyo ndiyo hasa ruzuku ya kujenga uwezo: hailetwi wakati wa msiba, hulipwa kabla.

Tabora ya leo ni nchi ya asali. Kikundi cha wafuga nyuki kinaweza kupewa mizinga ya kisasa bila ya shida kubwa. Lakini asali ya kila mwanachama isipopimwa na kuandikwa, siku ya kugawana fedha huwa ndiyo siku ya kuvunjika kikundi. Sheria nayo inadai maandishi. Kwa upande wa Bara, Sheria Na. 24 ya mwaka 2002 inazitaka asasi ziwasilishe taarifa kila mwaka, na kanuni za mwaka 2018 ziliongeza masharti ya kutangaza fedha za ufadhili zinazozidi shilingi milioni 20.

Jumuiya inayokusudia kuomba ruzuku ya namna hii inashauriwa isiombe mafunzo kwa ajili ya mtu mmoja. Mshika fedha akihama au akiolewa mbali, elimu huondoka naye. Wapelekwe wawili au watatu, na mmoja wao asiwe katika viongozi. Daftari la mali liandikwe kabla ya kupokea fedha, si baada yake, na lisomwe mbele ya mkutano wa wanachama wote, hata kama kilichomo ni meza moja na viti vinne.