Kabla ya Kukata Tiketi, Uliza Upepo

Msikilizaji, kila likizo inapokaribia simu huanza kuingia kutoka Nairobi, Mombasa, mpaka Muscat: mwezi gani mzuri wa kuja Lamu? Wenye mahoteli wana jibu lao tayari, Desemba hadi Machi, kisha wanataja bei. Nahodha ukimuuliza swali hilo, naye hukuuliza lake: waenda mpaka wapi?

Mimi niko upande wa nahodha. Anayetaka kuzunguka vichochoro vya Mkomani na Langoni, aione ngome, alale Shela, hana sababu ya kuukimbia mwezi wa Julai. Jua halichomi, na usiku shuka inatakikana. Lakini mwenye safari ya Kizingitini, Ndau au Kiwayu, mwezi huohuo waweza kumtesa.

Sababu ni upepo. Kusi, upepo wa kutoka kusini, huingia Aprili pamoja na masika, ikapata nguvu zake hasa kati ya Juni na Agosti. Nje ya miamba bahari huchafuka, na Idara ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari za upepo wa zaidi ya noti 25. Wapiga mbizi wa kambakoche wa Kizingitini na Kiunga wengi wao hupumzika, kwa kuwa maji yamevurugika na chini hakuonekani. Kazi yao hurudi kusi ikishalegea, na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ikashika kuanzia Desemba.

Kaskazi ndiyo iliyokuwa ikiyaleta majahazi ya Ghuba katika pwani hii. Mwishoni mwa 1938, Mwaustralia Alan Villiers alipanda jahazi la Kuwait huko Aden, nahodha wake akiwa Ali bin Nasr al-Nejdi. Waliteremka na kaskazi mpaka Zanzibar, wakaenda kupakia boriti za mikoko Rufiji, na 1939 kusi ilipoanza wakarudi nayo kwao. Biashara nzima ilifuata upepo, na hakuna tajiri aliyeweza kuuharakisha.

Na kusi haiishii kwetu. Ikishavuka ikweta hupinda kuelekea India, imebeba unyevu wa bahari hii, ikaenda kuumwaga kwenye milima ya Himalaya kuanzia Juni hadi Septemba. Ndiyo maana wanaokwenda Nepal kutembea milimani wengi husubiri Oktoba na Novemba, mvua zikiwa zimekoma na vilele vinaonekana. Miezi hiyohiyo huku kwetu kusi imechoka na kaskazi haijashika. Ni tanga mbili: chombo chaweza kwenda na kurudi. Ukinibana nitaje mwezi mmoja wa kwenda Kiwayu, nitasema Oktoba. Novemba nayo ni nzuri, ila vuli ina yake. Novemba 2023 mvua za El Niño ziliifurikisha barabara ya Lamu na Garsen pale Lango la Simba, na wasafiri wakakwama njiani.

Wapo wasioweza kuchagua. Anayekuja kwa Maulidi ya Riyadha hufuata mwezi wa Mfunguo Sita wa kalenda ya Kiislamu, nao hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, basi kuna miaka humwangukia ndani ya kaskazi na kuna miaka ndani ya kusi. Wazazi nao wamefungwa na shule. Likizo ya Aprili huangukia kusi ikiingia, na ya Agosti huikuta ingali na nguvu. Hapo ndipo ninapoumia. Agosti ndipo boti za kisiwa cha Pate zinapojazwa watoto, magunia ya unga, magodoro na akina mama waliopakata wachanga, kwa sababu tu shule zimefungwa.

Na hata ukiupata msimu, bado kuna maji. Boti ya kutoka Amu, yaani mji wa Lamu, kwenda Mtangawanda kisiwani Pate hupita Mkanda, ule mkondo mwembamba kati ya Manda na bara, na Mkanda haupitiki kirahisi maji yakiwa yamekupwa. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa kwenye saa kumi au kumi na moja, alfajiri na alasiri. Saa nne au saa tano za asubuhi yamekwisha kutoka. Mgeni aliyezoea basi la saa nne akilazimisha boti iondoke saa nne, aweza kuujua Mkanda vizuri: mashine inatema tope, nahodha anainyanyua, vijana wanashuka mpaka magotini kusukuma, na mizizi ya mikoko imesimama wazi kulia na kushoto. Kisha kimya, jua la utosini, mnangoja maji saa nzima au zaidi. Safari ya magofu ya Takwa ni vivyo hivyo, maana hori lake nalo lataka maji yaliyojaa.

Elimu hii mabaharia wetu wanayo kichwani. Abiria hana, na haandikiwi mahali. Naomba jambo dogo kwa serikali ya kaunti na wenye boti: ubao gatini Amu, Mokowe na Mtangawanda, uandikwe kila asubuhi saa za maji kujaa na kupwa, na tahadhari ya upepo ikiwa ipo. Chaki na mtu mmoja mwenye hati inayosomeka vinatosha. Uwepo kabla shule hazijafungwa Agosti.

Nawe unayemsindikiza mwanao gatini mwezi huo, muulize nahodha maji yanajaa saa ngapi, na nje kukoje. Jaketi ya kuokolea ivalishwe mtoto mkiwa bado mmesimama gatini, na ikamkae sawa. Nahodha akikwambia leo hatutoki, usimwongeze nauli ili abadili kauli. Rudi na mwanao nyumbani, mtaondoka kesho.