Wanankhucha na Safari ya Kurudi Uzigua

Wanankhucha ndiye kiongozi anayetajwa na Wazigua wa Somalia kuwa aliwatoa utumwani katika karne ya 19 akiwa na nia moja, kuwarudisha kwao. Kwao ni Uzigua, nchi ya nyika inayoanzia bonde la mto Pangani upande wa Korogwe, ikapita Handeni na kuteremka kuelekea pwani.

Chanzo cha yote ni njaa. Mvua zilikatika katika miaka ya 1830, na njaa ya mwaka 1836 hivi ndiyo iliyotia fora. Wafanyabiashara wa pwani waliahidi kazi na chakula ng'ambo. Wenye njaa wakajitoa wenyewe, wengine wakaweka watoto rehani. Majahazi yakawashusha pwani ya Benadir, wakauzwa kwa wenye mashamba ya bonde la Shabelle. Uchungu wa kulaghaiwa haujawatoka: masimulizi yao huanza na ahadi ile ya chakula kabla ya kufika kwenye minyororo.

Kwa masimulizi hayo, Wanankhucha alikuwa mwanamke mwenye kipawa cha kuagua. Aliwakusanya watu kwa siri, wakatoroka kuelekea kusini. Walipofika mto Juba ardhi ikatetemeka, naye akasema hiyo ni ishara ya kukomea hapo. Mbele yao kulikuwa na nchi kame, mto Tana, na safari ndefu isiyo na chakula cha uhakika kwa wazee na watoto. Kuondoka kulihitaji ujasiri. Kuwasimamisha watu wenye kiu ya kwao kulihitaji zaidi.

Walikaa katika misitu ya Gosha, kando ya mto huo wa Juba, ambako mbung'o waliwazuia wafugaji wasiingie na mifugo. Wakafyeka, wakalima mahindi, wakaendelea kusema Kizigua, hata wakoloni wa Kiitaliano walipowasukuma kufanya kazi ya shuruti mashambani. Vizazi vilivyozaliwa Juba viliendelea kuhesabu Uzigua kuwa ndiko kwao.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Somalia vya 1991 viliwatawanya. Wengi waliishia kambi za Dadaab, Kenya, wakaomba kupelekwa Tanzania. Ombi hilo lilikwama wakati nchi hiyo ilipoelemewa na wakimbizi wa Rwanda, na kuanzia 2003 maelfu wakachukuliwa na Marekani. Wengine walikuwa wameshafika mkoani Tanga wenyewe. Hao waliwekwa Mkuyu, Handeni, kisha wakahamishiwa Chogo, wilaya hiyohiyo, wakapewa viwanja na mashamba.

Wenyeji waliwasikia wageni hao wakisema lugha yao, yenye maneno ya kale na mengine ya Kisomali. Serikali nayo ikawakubalia uraia. Hadi mwaka 2014 zaidi ya watu 1,000 walikuwa wameupata. Hatua hiyo inastahili sifa zaidi kuliko inavyopewa, kwa kuwa iliwaondolea ukimbizi watu waliokuwa katika nchi ya mababu zao. Ndugu zao wengine wangali wanalima kando ya Juba.