Tuwape Vijana Gurudumu, Tuwape na Muda

Hotuba kwa mkutano mkuu wa mwaka



Sisi sote hapa tumelelewa na chungu cha Kikisi. Mama zetu wa Ikombe hufinyanga kwa mkono, huchoma kwa kuni na majani makavu, kisha hupakia mitumbwini hadi Matema. Kutoka hapo vyungu vyao hufika Mbeya na hata Dar es Salaam. Mwaka huu tunachangia magurudumu ya kufinyangia kwa ajili ya vijana, na kamati imenituma nieleze anayeanza hupitia nini, ili mtoapo mjue fedha inakwenda wapi.

Gurudumu tunalokusudia halihitaji umeme. Chini lina duara zito, laweza kuwa la zege, linalosukumwa kwa mguu. Juu lina kisahani kinachozunguka na udongo.

Somo la kwanza ni kukanda. Udongo hukandwa kama unga wa chapati mpaka hewa itoke na ulaini uwe sawa kote. Somo la pili ndilo gumu: kuuweka udongo katikati. Bonge likikaa pembeni kidogo tu, linayumba, ukuta unakuwa mnene huku na mwembamba kule, na chombo kinaanguka. Anayeanza hukaza mabega akashindana na udongo. Dawa ni kuegemeza viwiko mapajani, kulowesha mikono na kutulia. Mkono ukae, udongo ndio uzunguke. Akishaweza hapo, hutoboa katikati kwa kidole gumba, hupandisha ukuta polepole, hukata chombo kwa waya na kukianika kivulini. Kikiingia motoni na unyevu, hupasuka.

Hayo hayapatikani kwa semina ya siku tatu. Huchukua wiki nyingi, na katika wiki hizo mwanafunzi hana hata kikombe cha kuuza. Hapo ndipo kijana huacha, si kwa uvivu, bali kwa sababu nyumbani wanasubiri unga. Udongo wenyewe haupotei: chombo kilichoharibika kabla ya kuchomwa hulowekwa, kikakandwa upya. Gharama kubwa ni chakula cha anayejifunza.

Wapo wanaouliza: je, gurudumu halitawanyang'anya mama zetu soko? Ni swali la haki. Gurudumu linafaa kwa vikombe, bakuli na sahani za kipimo kimoja, vitu ambavyo hoteli huvitaka. Chungu cha kukaa mafigani kibaki mikononi mwa mama. Yeye pia awe mwalimu wa kwanza, maana kuujua udongo na moto hakufundishwi na gurudumu. Na alipwe kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tukichangia magurudumu peke yake tutakuwa tumenunua viti vya kuku kulalia. Tuchangie mambo matatu kwa pamoja: gurudumu, posho ya mwalimu na chakula cha mwanafunzi mpaka atakapouza chombo chake cha kwanza. Asiye na fedha leo aandike ahadi, na mwenye hoteli au mgahawa aahidi kununua.

Wahenga walisema, udongo upatilize ungali maji. Vijana wetu ndio udongo huo.